Naomba ushauri: makala ya Stefan Bellof nianzie wapi?

Wakuu, naandika makala fupi kuhusu Stefan Bellof, yule dereva Mjerumani wa mbio ndefu za magari, na nimekwama hata aya ya kwanza haijaisha.

Nilitaka kufungua na Nürburgring, ile barabara ya mbio ya Ujerumani, Mei 1983. Kwenye kufuzu, akiwa na Porsche 956, alizunguka kilomita zaidi ya 20 za msituni kwa dakika 6 na sekunde 11.13. Rekodi hiyo ilidumu miaka 35, hadi dereva Timo Bernhard alipoivunja 2018. Tena siku ya mbio yenyewe Bellof alikuwa anaongoza, akaibamiza gari pale sehemu iitwayo Pflanzgarten. Huyo ndiye Bellof, breki kwake ni jambo la baadaye!

Shida ni kwamba 1984 alitwaa ubingwa wa dunia wa mbio ndefu, halafu Septemba 1985 akafa kwenye mbio za Spa, Ubelgiji, akijaribu kumpita dereva mwenzake Jacky Ickx pale kona ya Eau Rouge. Miaka 27 tu. Kila nikiandika, kifo kinameza ubingwa.

Nikiweke mwanzoni nimalizane nacho, au nikiache mwishoni? Mhariri anataka Ijumaa.