Msaada: winchi yetu ya kupandishia boti imemvunja mdogo wangu mkono, turekebishe wapi?

Mwana_Kunduchi:

Habarini wakuu, na wazee wa humu shikamooni.

Niko Kunduchi, Dar es Salaam, naendesha boti ya faiba ya futi 23 ya baba yangu mdogo. Tuko boti sita tunaotumia sehemu moja ya ufukwe. Kila bamvua, maji yakijaa sana, tunapandisha chombo juu kukwangua uchafu wa tumboni na kuziba nyufa, na kusi ikianza kuvuma ndiyo kabisa, huwezi kukiacha majini usiku ukapata usingizi. Kupandisha boti moja ni watu nane hadi kumi. Kuna siku unasubiri watu mpaka maji yanapwa na boti imelalia ubavu.

Nikaamua kutengeneza winchi. Nimechukua bomba la chuma la inchi 4 kama ngoma, upana wake sentimita 30, likakaa kwenye bearing mbili. Mpini una urefu wa sentimita 40. Waya wa chuma wa milimita 8, mita 40, unajizungusha kwenye ngoma. Fremu yote nimeichomelea juu ya toroli ili tuisukume kutoka boti moja hadi nyingine, halafu miguu yake tunaifukia kwenye mchanga. Boti ikiwa na injini na nyavu mbichi nakadiria kilo 800.

Mara tatu za kwanza ilivuta. Mara ya nne boti ilikuwa imebakiza kama mita tano ifike juu, mimi na mdogo wangu tuko kwenye mpini, kiganja changu kikateleza. Mpini ukageuka kwa nguvu ukampiga dogo, mfupa wa mkono ukavunjika juu kidogo ya kifundo. Boti ikarudi mpaka majini. Ana miaka 17, sasa hivi amefungwa plasta na mimi ndiye niliyemwita aje kusaidia.

Sitaki kuitupa hii kazi kwa sababu shida ya watu kupandisha kwa mgongo ipo palepale. Ila sirudi kuigusa mpaka nijue nilikosea wapi. Maswali yangu:

Nifunge nini ili isirudi nyuma? Waya ni sahihi au nitafute kamba? Vijana wa hapa wananiuliza pia kama winchi hii inaweza kumvuta mtu aliyesimama kwenye ubao juu ya maji, watalii wakija tupate chochote. Na je, naweza kuisajili kama ubunifu?

Natanguliza shukrani.

Tanga_Moja:

Pole sana kwa dogo mkuu. Mpe pole zetu. Nakaa hapa nisome, maana na sisi Kigamboni tuna shida hiyohiyo.

FundiGerezani:

Pole mkuu. Nimechomelea winchi za karakana miaka mingi, ngoja nikupigie hesabu uone kilichotokea. Haya ni makadirio ya fundi, ila yatakuonesha njia.

Boti ya kilo 800 ukiiburuta juu ya mchanga, msuguano peke yake unakula karibu nusu ya uzito, yaani kilo 400. Ongeza mteremko. Ufukwe ukipanda mita moja kwa kila mita nane, hiyo ni moja ya nane ya uzito, kilo 100. Waya wako ulikuwa unabeba kama kilo 500.

Sasa njoo kwenye mpini. Bomba la inchi 4 kwa nje lina kipenyo cha sentimita 11.4. Kutoka katikati ya bomba hadi katikati ya waya ni sentimita 6 na kitu. Mpini wako ni 40. Kwa hiyo mkononi ulikuwa unarudi mzigo wa kilo 76, mko wawili. Hapo ni safu ya kwanza ya waya. Ngoma ya sentimita 30 inakula kama mita 14 za waya kwa safu, kwa hiyo mita 40 zinapanda hadi safu ya tatu. Kila safu inaongeza unene wa ngoma. Kwenye safu ya tatu mpini unadai kama kilo 95. Ndiyo maana mara tatu ilikubali na ndiyo maana ilikushinda ukiwa umebakiza mita tano: mlikuwa mmechoka na winchi yenyewe ilikuwa imekuwa nzito kuliko mlipoanza. Hukuteleza kwa uzembe.

Kuzuia isirudi: chomelea gurudumu la meno pembeni ya ngoma, weka na ulimi wa chuma unaodondoka kwenye jino kila ngoma inapozunguka. Weka ndimi mbili, moja ikikosa jino nyingine iwe imeshika. Ulimi udondoke kwa uzito wake wenyewe, usitegemee springi, chumvi itaila. Bolti ya kushikilia ulimi isipungue milimita 16. Hiki kitu kilitakiwa kiwepo kabla ya mpini. Nakuambia kwa uchungu kwa sababu karakana nyingi zinauza winchi za namna hiyo bila ulimi na mteja hajui kuuliza.

Waya: toa. Waya mpya wa milimita 8 hukatikia kwenye mzigo wa tani tatu na nusu hivi, kwa hiyo nguvu si shida. Shida ni kwamba waya unataka ngoma yenye kipenyo angalau mara 16 ya unene wake, na yako ni mara 14. Unaukunja kuliko unavyopenda, nyuzi za ndani zinakatika bila kuonekana, na maji ya chumvi yanamalizia. Baadaye nyuzi zinachomoza na kuchana viganja.

Mwana_Kunduchi:

Fundi, hiyo hesabu ya safu imeniingia moyoni. Kweli pale mwisho tulikuwa tunaning'inia kwenye mpini. Nyuzi zimeshaanza kuchomoza, nilidhani waya ni feki. Sasa nikiweka ulimi, si nitabaki na uzito uleule wa kilo 76?

FundiGerezani:

Utabaki nao, kwa hiyo punguza mzigo kabla ya kuongeza nguvu. Tandika mbao mbili chini, juu yake weka magogo ya mviringo, mvinje ulionyooka unafaa. Gogo likizunguka juu ya mbao halizami kwenye mchanga, na msuguano unashuka hadi kama moja ya kumi ya uzito. Hapo unabaki na kilo 80 za msuguano na 100 za mteremko, jumla 180. Halafu funga kapi moja, yaani gurudumu la kupitishia kamba, kwenye pete ya boti: kamba itoke kwenye kigingi, ipite kwenye kapi, irudi kwenye winchi. Kila upande wa kamba unabeba nusu, kilo 90. Kwenye mpini hiyo ni kilo 14, tuseme 16 ukihesabu msuguano wa kapi. Gharama yake ni kwamba unavuta kamba mara mbili ya urefu.

Pete ya kuvutia iwe chini kwenye omo, mbele ya boti, bolti zipenye faiba na ndani kuwe na bamba la chuma. Usivutie kwenye kile kishikizo cha kufungia kamba ya nanga, kitang'oka na kuja usoni.

NahodhaMstaafu:

Marahaba mwanangu. Pole ya mgonjwa.

Fundi amesema vizuri. Mimi naongeza la vyombo vya matanga. Zamani majahazi yalikuwa na duara la kupandishia nanga. Duara lile halikuwa linahifadhi kamba. Amari, yaani kamba ya nanga, inazungushwa mara tatu au nne tu, vijana wanazungusha duara, na mtu mmoja amekaa nyuma anapokea mkia wa kamba na kuukunja chini. Kamba haipandi juu ya kamba, kwa hiyo duara haliwi zito kadiri unavyovuta. Hiyo safu ya tatu ya fundi isingekuwepo.

Ngoma yako igeuze iwe duara. Ila bomba lililonyooka litakusumbua, kamba itatembea pembeni mpaka ijikanyage. Duara la meli lina kiuno, jembamba katikati na nene kwenye ncha, ili kamba iteleze irudi katikati yenyewe. Mwambie fundi akuchomelee mbavu za chuma kuzunguka bomba, zilizoinuka kwenye ncha.

Na wakati wa kushua, yaani kurudisha boti majini, usiinue ulimi ukaanza kurudisha mpini kwa mkono. Hapo ndipo watu wanapoumia zaidi. Chomoa mpini kabisa uweke pembeni. Simika kisiki imara, zungusha kamba mara tatu, achia kidogo kidogo. Mtoto anaweza kuzuia boti kwa kamba iliyozungushwa mara tatu.

FundiGerezani:

Shikamoo nahodha. Hilo la mtoto lina hesabu yake kabisa. Kamba kavu juu ya mti, mzunguko mmoja unapunguza mzigo kama mara 4 hadi 5, miwili zaidi ya mara 20, mitatu zaidi ya mara 100. Inajizidisha. Kamba ikiwa na utelezi wa mafuta au tope inashuka sana, kwa hiyo usiende chini ya mitatu, na minne ni bora.

Hapo sasa kamba iwe poliesta ya milimita 12 au 14. Nailoni inavutika sana, ikikatika inarudi kama mjeledi, na ikilowa inapungua nguvu. Ile ya plastiki inayoelea ni rahisi lakini jua la huku linaimaliza upesi na inateleza kwenye duara. Katani inashika vizuri kwenye mti na fundo lake halifunguki, ila ikikaa na unyevu inaoza kwa ndani huku nje inang'aa.

Bi_Mwambao:

Mwanangu pole. Mimi nina boti mbili Msasani na nimeshalipa gharama za hospitali za kijana kwa jambo kama hili, kwa hiyo naomba unisikilize.

Hujatueleza winchi yenyewe inashikwa na nini. Miguu ya toroli kwenye mchanga mkavu haishiki mzigo huo. Siku itakayong'oka, winchi nzima inawafuata. Chimbeni shimo la mita moja au zaidi, lazeni gogo nene likingame na upande wa kuvuta, mlifunge mnyororo, mchimbe mfereji mwembamba wa mnyororo kutokea mbele, kisha mfukie na kushindilia. Winchi ifungwe kwenye huo mnyororo. Msifunge kwenye mnazi au mvinje uliosimama, ufukwe wetu unaliwa na bahari na hiyo mizizi ndiyo inayoushikilia.

Wala usimwage zege. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ufukweni. Gogo unalifukua ukimaliza. Zungumza na kikundi cha BMU cha hapo kwenu, kile cha usimamizi wa ufukwe, wajue, na hizo boti sita zichangie, usibebe gharama peke yako.

Na mtu asivuke juu ya kamba ikiwa imekazwa, wala asisimame nyuma yake kwenye mstari. Watoto wa ufukweni wanapenda kuja kuangalia. Weka mtu mmoja ambaye kazi yake ni hiyo tu, kuwaondoa.

Ubao_na_Wimbi:

Kuhusu mtu kwenye ubao, nimefundisha mchezo huo kwa hiyo nikujibu moja kwa moja: winchi hii haiwezi, na usijaribu kuigeuza.

Anayesimama kwenye ubao anahitaji kasi ya kilomita 30 hivi kwa saa, yaani mita 8 kwa sekunde. Ngoma yako ina mzunguko wa sentimita 36. Ili ivute kwa kasi hiyo ingebidi izunguke mara 1,400 kwa dakika. Kwa mpini wa mkono utafika mara 30. Hiyo ni mashine nyingine: injini ya petroli kama zile za pampu za maji, klachi, kizimio ambacho injini inazimika mwendeshaji akikiachia tu, na kisu karibu cha kukatia kamba.

Mchezo wenyewe una historia nzuri. Ralph Samuelson, kijana wa Minnesota, Marekani, alisimama juu ya maji mwaka 1922 akivutwa na boti kwenye ziwa Pepin. Miaka ya 1960 mhandisi Mjerumani Bruno Rixen akaiondoa boti akaweka waya unaozunguka juu ya nguzo, ukivuta watu kadhaa kwa wakati mmoja. Lakini zile nyaya zinawekwa kwenye maji yaliyotulia yenye kina kinachojulikana. Kwenu maji yakipwa kuna miamba na urchini, wale wa miiba, na mbele kuna boti za wenzako zenye mapanga ya injini yanayozunguka. Watalii wakija, wapeleke kisiwa cha Mbudya kwa boti yenye maboya ya kutosha. Hiyo fedha ipo na haimvunji mtu.

Hataza_TZ:

Usajili wa hataza, yaani haki ya mbunifu juu ya kitu alichobuni, kwa Tanzania Bara ni BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, chini ya Sheria ya Hataza ya 1987. Ulimi, kapi na duara ni vya karne nyingi, huwezi kuvidai. Ikiwa kuna jambo jipya katika namna toroli yako inavyojikita ardhini, acha kuliweka hadharani, pamoja na humu, mpaka uwaulize. Kitu kilichokwisha kuoneshwa kwa umma huhesabiwa si kipya.

Mwana_Kunduchi:

Wakuu, mrejesho. Imepita wiki tatu.

Ndimi mbili zipo, mbavu za kiuno zipo, waya nimeuuza chuma chakavu. Kamba poliesta ya milimita 14, tumechanga boti zote sita. Bi Mwambao, gogo tumefukia, mara ya kwanza lilisogea kama shubiri moja, tukafukua tukaongeza kina. Jana asubuhi kwenye bamvua tumepandisha boti ya baba mdogo tukiwa watu wanne: wawili kwenye mpini, mmoja anahamisha magogo, mmoja anafukuza watoto. Imechukua dakika 35. Mara mbili tuliacha mpini kwa makusudi, bila mtu kuushika, kuangalia kama ulimi unashika. Umeshika.

Mtu wa tano alikuwa dogo. Plasta bado haijatolewa na mama hakutaka aje kabisa. Alikaa nyuma ya duara, mbali na mpini, akipokea mkia wa kamba kwa mkono mzima. Tulipofika juu nikamuuliza kama kamba inamvuta, akanionesha: ameishika kwa vidole viwili.

Nahodha, anakusalimia. Anauliza mbavu za kiuno zipakwe rangi au ziachwe chuma kitupu, maana anaona kutu imeshaanza.

NahodhaMstaafu:

Marahaba, mwambie asipake rangi, kamba itateleza. Asugue kwa mchanga na maji baridi yasiyo ya chumvi kila mkimaliza kazi, kisha aifunike. Na akipona aje Feri asubuhi nimfundishe kuunga kamba.