Maonyesho ya chapa za Dalí London: tumelipishwa kiingilio kutazama karatasi za kiwandani

Wakuu, nimetoka huko jana na hasira bado haijashuka. Galeri moja hapa London imebandika tangazo kubwa mlangoni la kazi za mchoraji maarufu wa Hispania: "Salvador Dalí, chapa asili." Chapa asili ni picha inayochapwa moja kwa moja kutoka sahani au kibao kilichoandaliwa kwa mkono. Kiingilio pauni 18. Unaingia, ukuta wote wa mbele ni ofseti, nakala za mashine ya kiwandani!

Mimi ni mchapaji, sibahatishi. Chapa ya sahani ya shaba, yaani bamba lililochongwa mchoro, hujitambulisha yenyewe. Karatasi iliyoloweshwa hukandamizwa na mashine mpaka kingo za sahani zinabonyea ndani yake, na wino huinuka kidogo, ukiinamisha karatasi unauona. Pale hakuna bonyeo lolote, wino umelala bapa. Nikatoa lenzi: vidoto vya rangi nne vimejipanga safu kama kwenye picha za gazeti. Yaani mchoro umepigwa picha, ukapelekwa kiwandani. Halafu chini kuna namba kwa penseli na sahihi, eti ni toleo la nakala 300.

Sahihi ya Dalí inathibitisha nini? Mwaka 1974 maofisa wa forodha wa Ufaransa walisimamisha gari lililokuwa likielekea Andorra, nchi ndogo jirani, wakakuta karatasi tupu 40,000 ambazo tayari zina sahihi yake. Karatasi nyeupe, hazina hata mstari! Aliyezipata angeweza kuchapa juu yake chochote. Wauza chapa wote wanaijua habari hii, lakini ukutani hawakuandika hata sentensi moja kuwatahadharisha watu wanaotoa pesa zao.

Na kazi za kweli wanazo, ndilo linaloniuma zaidi. Wamezisukumia chumba cha nyuma chenye taa hafifu: baadhi ya chapa za utenzi wa Dante, yule mshairi wa kale wa Italia. Dalí alichora picha 100 za rangi za maji, mafundi wakachonga vibao vya mbao takriban 3,500 ili kuzichapa, rangi juu ya rangi, kazi ya miaka. Ni nzuri mno, waridi inayeyukia kwenye kijivu huoni pa kuanzia wala pa kuishia. Mafundi wale hawakutajwa popote. Ofseti ndiyo iliyopewa ukuta wa heshima na bei ya pauni 2,400, pamoja na hati ya uhalisi iliyotolewa na galeri hiyohiyo inayouza.

Nilimwuliza dada wa mapokezi zilichapwa wapi, na nani, kwa njia gani. Akajibu, "Zote ziliidhinishwa na msanii." Basi.

Nimewaandikia nikidai kiingilio changu, na vibandiko vyote vya ukuta ule visomeke "nakala ya ofseti". Kimya. Jumatatu napeleka malalamiko halmashauri, kwenye kitengo kinachosimamia haki za wanunuzi. Kama kuna ndugu humu amenunua pale, aitazame karatasi yake kwa lenzi leo, atunze risiti, kisha anifuate inbox. Nataka tupeleke malalamiko pamoja, maana ya mtu mmoja watayaweka kabatini.