Mweka hazina wa kikoba kujichora katuni ya "Mad Men": ni sawa?

Katibu, Kihesa: Kamwene wana Iringa na majirani. Wiki iliyopita mweka hazina wa kikoba chetu aliondoa sura yake kwenye profaili ya simu akaweka katuni: suti ya kubana, tai nyembamba kama utepe, sigara mkononi, glasi ya pombe kali. Ameiga Mad Men, tamthilia ya Marekani kuhusu watengeneza matangazo wa New York miaka ya 1960. Wazee wamekasirika, na vijana wanne wameshamuiga. Natakiwa kulipeleka kikaoni.

Mimi namtetea. Mnaosema amesahau kwao, fungueni albamu za nyumbani. Babu yangu ana picha ya studio ya hapa mjini, kavaa koti. Koti lenyewe la mpiga picha, lilikuwa likining'inia msumarini, mrefu na mfupi wote walivaa hilohilo. Kwa babu mikono imeishia karibu na kiwiko. Nyuma yake pazia lenye bahari, na babu amekufa hajaiona bahari. Nani alimsema?

Wa Mwanjelwa: Koti la kuazima sawa, lakini sura ilikuwa ya babu. Huyu wenu anapokea hela za watu! Kesho ukija ujumbe "tumeni kwa namba hii" wenye katuni hiyohiyo, mtamjuaje tapeli?

Katibu: Tapeli hata picha halisi anaiiba. Angalia jina linalotokea kabla hujabonyeza namba ya siri.

Wa Tukuyu: Nimeimaliza tamthilia hiyo, misimu yote saba. Ofisi ile inapoanza, mtu mweusi ni Hollis wa kwenye lifti. Nyumbani kwa bosi ni Carla, mfanyakazi wa ndani. Dawn, sekretari mweusi, anaingia msimu wa tano. Na miaka hiyohiyo sisi tunapandisha bendera yetu, Desemba 1961! Mweka hazina kajikalisha kiti ambacho wale wasingempa.

Katibu: Ndiyo utamu wake, ndugu yangu. Kakikalia bila kuomba.

Wa Njombe: Mnagombana na suti. Ulizeni katuni imetengenezwaje. Mwaka 2009 AMC, kituo cha televisheni kilichoirusha tamthilia hiyo, kilitoa chombo cha kujichora mtandaoni, Mad Men Yourself, kwa michoro ya Dyna Moe. Ulichagua rangi ya ngozi, nywele, nguo, kinywaji, basi. Picha yako hawakuihitaji. Siku hizi mtu anapakia uso wenyewe kwenye programu ya akili mnemba. Unaenda wapi? Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi tunayo tangu 2022, halafu tunagawa nyuso kama karanga.

Wa Kalenga: Kama ni enzi, si mjichore mashujaa wa Lugalo, Wahehe waliowapiga Wajerumani 1891?

Mzee wa Mafinga: Usithubutu, kijana. Fuvu la Mkwawa, mtwa aliyewaongoza hao, limerudi 1954 baada ya zaidi ya nusu karne ugenini, liko hapohapo kwenu makumbusho. Waacheni na Wamarekani wao.

Katibu: Nimerudi, nimewauliza. Mweka hazina amepakia picha yake peke yake. Wale vijana wanne ndio walioniangusha: walipakia picha ya pamoja ya siku ya kuvunja kikoba, akina mama wamo, watoto wamo, hakuna aliyeulizwa. Hapo sina utetezi, na ajenda nimeibadilisha: suti haijadiliwi, picha ya pamoja inajadiliwa.

Wa Mwanjelwa: Na sigara? Na glasi? Au hazina yetu ilindwe na mlevi?

Katibu: Sigara amekubali kuitoa. Glasi amegoma, anadai ni ulanzi, pombe yetu ya mianzi.

Wa Mwanjelwa: Ulanzi wenye barafu?