Picha moja kila siku: mnatoa wapi vitu vya kupiga?

Dada_Nafaka
Wakuu, habari za jioni. Nina duka la nafaka Kirumba, Mwanza. Nafungua saa moja asubuhi, nafunga saa mbili usiku. Nimeamua kupiga picha moja kila siku kwa simu hii hii ya kawaida. Wiki ya kwanza nilipiga machweo, maua, chai na paka wa jirani, basi nikaishiwa. Wateja nao ukiinua simu wananuna, na simu yenyewe inalalamika imejaa. Nyie wenzangu mnafanyaje?

Kijana_wa_Igoma
Piga daftari la madeni. Hilo haliishi.

Mzee_wa_Mwaloni
Dada, acha kuwinda. Chagua sehemu moja na saa ileile kila siku, ganda hapo.

Mimi nasimama Mwaloni, wanapoanika dagaa, kila asubuhi kabla ya kazi. Mwanzoni nilijiona punguani, picha zote sawa. Siku nilipozitazama kwa mfululizo ndipo nikaona: mchanga umejaa dagaa mpaka unang'aa, halafu siku kadhaa mtupu, makorongo tu wanazurura, halafu unajaa tena. Ni mwezi huo. Dagaa wanavuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikikolea taa haziwavuti, mitumbwi inapumzika. Hata mtoto wa hapa analijua hilo, lakini kuliona limejipanga mbele yako ni habari nyingine.

Wewe una vile vibao vya bei vilivyochomekwa kwenye mchele na maharage. Vipige vyote, kila siku, umesimama palepale. Mavuno yakiingia, mvua zikikatika, bei zikipanda, vyote utavikuta humo. Mimi ningekuwa na duka nisingehangaika na machweo hata kidogo. Machweo kila mtu anayo.

Halafu mwanga. Saa moja jua letu ndio kwanza limechomoza, ikifika saa nne linachoma na vivuli vinaziba macho ya watu. Mteja akisimama ndani kidogo ya mlango, uso ameuelekeza nje, anatoka vizuri hata mchana. Gusa uso wake kwenye skrini. Ukiona umepauka, teremsha kile kialama cha jua kinachotokea pembeni hapo kwenye skrini. Na ufute lenzi kwa kitambaa, maana wewe unashika unga kutwa.

Mama_Pacha
Kuhusu wateja, tanguliza salamu, simu baadaye. "Mwangaluka mayu," muulize safari, pima mchele wake, ndipo uombe. Akikataa, omba mikono tu ikifunga mfuko. Akikataa tena muache aende zake, ni mteja huyo.

Simu kujaa: kila Jumapili bakiza moja ya kila siku, nyingine futa. Zilizobaki hamishia kwenye memori kadi. Ukijitumia WhatsApp tuma kama dokumenti, la sivyo inazibana zinakuwa na ukungu.

Dada_Nafaka
Asanteni sana. Shikamoo Mzee, vibao sikuvifikiria kabisa! Na siku nikisahau?

Mzee_wa_Mwaloni
Marahaba. Ukisahau unaendelea kesho yake. Usipige mbili kufidia, na usiache bei ya jana kwenye kibao ili picha ipendeze.

Kijana_wa_Igoma
Bei ya jana aiache tu, mimi nakuja kununua.