Windows 10 tano kwenye RAM ya GB 16: nipunguze nini?

Mwanga_K: Wakuu habari. Seva ya maabara yetu hapa Kigoma ina RAM GB 16, inatumia Debian 12 na QEMU/KVM (programu za kuendesha mashine pepe). Kuna mashine pepe 5 za Windows 10, kila moja GB 3. Nne zinakwenda vizuri. Ya tano ikiwaka, seva inaanza kuhamishia RAM kwenye diski na zote zinakuwa nzito. Task Manager ya ndani inaonyesha GB 1.6 tu. Nyingine inakwenda wapi?

Ujiji_seva: Mkuu, Windows ikiwaka huandika sifuri kwenye RAM yote. Kwa seva, ukurasa (kipande cha RAM cha KB 4) ukishaguswa umeshachukuliwa, hata kama Windows inauhesabu mtupu. Ndani ya Windows weka dereva ya virtio-balloon (inayorudishia seva RAM isiyotumika) kutoka diski ya virtio-win, kisha:

`virsh setmem win1 2304M --live`

Usibane hadi GB 1.6 kamili, Windows itakimbilia pagefile (faili la diski linalosaidia RAM) na uzito utabaki palepale. Diski ziwekee `cache='none'`, data zisitunzwe mara mbili, ndani na nje.

Gungu255: Kwako KSM (Linux kuunganisha kurasa za RAM zinazofanana) ndiyo dawa hasa, maana mashine zote ni Windows ileile na kurasa za sifuri ni nyingi:

`echo 1 > /sys/kernel/mm/ksm/run`

Soma `pages_sharing`, zidisha kwa KB 4: hiyo ndiyo RAM uliyookoa. Hugepages (kurasa kubwa za RAM) za kutengwa haziunganishwi, usizichanganye na hii. Kadi ya sauti na vifaa vya USB visivyotumika viondoe, ila usitegemee makubwa. Ni MB chache.

Mwanga_K: Asanteni sana. Umeme ukirudi zote zinajiwasha pamoja. KSM itawahi?

Gungu255: Haiwahi, ndugu. Kwa kawaida inakagua kurasa 100 kisha inalala milisekunde 20, yaani haifiki MB 20 kwa sekunde. GB 15 ni dakika 13 kwa mzunguko mmoja, na ukurasa hauunganishwi kabla ya kuonekana haujabadilika tangu mzunguko uliopita. Pandisha `pages_to_scan` hadi 1000, ukiangalia `ksmd` (mchakato wa KSM) isimalize CPU.

Mipangilio hiyo hufutika seva ikizima. Andika kwenye `/etc/tmpfiles.d/ksm.conf`:

`w /sys/kernel/mm/ksm/run - - - - 1`
`w /sys/kernel/mm/ksm/pages_to_scan - - - - 1000`

Ujiji_seva: Na balloon nayo haifanyi kazi mpaka Windows ipakie dereva, kwa hiyo kila mashine itashika GB 3 kwanza. Zima kujiwasha kwa `virsh autostart --disable`, uziwashe kwa skripti moja baada ya nyingine, ukiacha `sleep 300` katikati.