Mganga wa filamu za kutisha: kwa nini kwetu lazima awe mwovu?

Mleta mada, Majengo, Moshi:
Wakuu, juzi tumeangalia filamu ya kutisha Sinners ya Ryan Coogler (2025) kwenye kibanda umiza cha huku mtaani, ubishi ukahamia kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi. Mississippi, Marekani, 1932. Mapacha wawili, wote Michael B. Jordan, wametoka Chicago na hela zao, wamefungua ukumbi wa muziki. Usiku wanyonya damu wanabisha hodi, na hawawezi kuingia mpaka wakaribishwe.

Mwenzetu mmoja akalalamika: siasa ya ubaguzi wa weusi inatafuta nini kwenye sinema ya mashetani? Jamani, si ndiyo mumiani ileile! Enzi za mkoloni watu walinong'ona kwamba wazimamoto wanakamata watu usiku na kuwakamua damu. Aliyetunga uvumi ule alikuwa anasema kitu kuhusu serikali, si kuhusu mashetani.

Ila kilichonigusa zaidi ni Annie, mganga wa mizizi. Wenzake wanahangaika, yeye ndiye anawaambia wanapambana na nini, kisha anawatafunisha kitunguu saumu mmoja mmoja ili ajue nani bado ni mtu. Nani amemcheka? Sasa nitajieni filamu ya Bongo ambayo mganga si tapeli wala muuaji, na mchungaji hatokei dakika za mwisho kukemea. Na yule bibi wa macho mekundu tunayemwekea muziki wa kutisha? Usukumani vikongwe wameuawa kwa macho hayohayo, na mengi ni moshi wa jikoni tu.

Mchangiaji wa Pasua, Moshi:
Mkuu, umeruka mauaji ya albino. Waliokata viungo vya watu walitumwa na nani? Mwaka 2009 serikali iliwafutia waganga wa jadi leseni, haikukurupuka. Watunzi wetu hawajamsingizia mtu.

Mleta mada:
Sijaruka. Waliofanya vile ni wauaji na wafungwe. Lakini yupo pia bibi anayechemsha mizizi ya tumbo la mtoto, na huyo sijawahi kumwona kwenye filamu hata moja. Ukimwonyesha mmoja tu miaka yote, mtazamaji atamjuaje wa pili?

Mchangiaji wa Soweto, Moshi:
Sijaiona bado, mnanimalizia utamu!

Rau:
Pole mdogo wangu, funga macho. Nyie wanaume mnamsifia Annie, mbona hamsemi mwisho wake? Anaumwa shingoni, anamtaka mumewe, mmoja wa wale mapacha, amuue kabla hajageuka mnyonya damu. Hekima yote ile, halafu risasi za mwisho anapiga mwanaume. Na anayewaambia wale wa nje waingie ni mama Mchina mwenye duka. Kibandani wote mlimzomea, nina uhakika.

Mleta mada:
Tulimzomea kweli, dada.

Rau:
Walikuwa wamemtishia binti yake. Mimi ningewafungulia mapema zaidi, na panga mkononi.