Mrejesho: DEQNA imeonekana kwenye PDP-11/73

Wakuu, nimerudi. Niliuliza kwa nini PDP-11/73 yangu, kompyuta ya zamani ya DEC, haioni kadi ya Etheneti ya DEQNA. Aliyesema nikague mpangilio wa kadi alipatia kabisa: niliacha nafasi moja tupu, na kwenye Q-bus (njia inayounganisha kadi zote) ishara ya kuiruhusu kadi itumie njia hiyo hupokezanwa kadi kwa kadi, ikakatikia hapo. Mchoro wa BA23, boksi linalobeba kadi hizo, ndio ulionifumbua macho. Kuanzia nafasi ya nne njia ya ishara hiyo inapinda kama nyoka, kushoto na kulia. Nikaisogeza kadi kuziba pengo, ikiwa kwenye anwani 174440, nikawasha 2.11BSD (mfumo endeshi wa aina ya Unix), qe0 hiyo, yaani DEQNA kwa jina la mfumo! Pingi, jaribio la mtandao, inajibu.

Fyuzi ya paneli ya nyuma niliikagua pia, ilikuwa nzima. Mafaili makubwa bado yanakwama katikati. Natafuta DELQA, kadi iliyokuja baada ya DEQNA, nijaribu. Asanteni sana.